Mwenye Gari Alikuwa Bado Ndani

Kama ni kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu nikishaanza sitasimama kukungoja. Mimi si mlevi, na sijawahi kuwa mtu wa kuogopa makaburi. Ni fundi wa magari hapa Kitale kwa miaka mingi, na kazi yangu imenizoeza kutoamini kitu mpaka nikione na kukishika. Haya ninayokuambia niliyaona na nikayashika. Vidole viwili vya mkono huu wa kushoto mpaka leo havisikii joto. Nikishika kikombe cha chai, naona tu mvuke.

Yote yaliletwa na tamaa yangu. Si tamaa ya pesa, usinifikirie vibaya. Ilikuwa tamaa ya gari.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Malakisi aliyeitwa Mzee Wanyonyi, mwalimu mkuu mstaafu, mrefu mpaka alikuwa anainama kwenye kila mlango. Alikuwa na gari la Kiingereza la wakubwa wa zamani, lenye boneti ndefu, viti vya ngozi nyekundu na dashibodi ya mbao iliyopigwa msasa ikang'aa. Alikuwa amelipata kwa mzungu mmoja aliyeuza shamba lake huku Trans-Nzoia akarudi kwao. Gari hilo likipita Kitale, sisi mafundi tulikuwa tunaweka vyuma chini tuangalie. Injini yake ilikuwa haingurumi, inanong'ona. Nyinyi mliozoea hivi vigari vya siku hizi, vya kufungwa kwa plastiki, hamwezi kunielewa.

Hakuruhusu fundi yeyote aliguse. Alilitengeneza mwenyewe kwa spana zake za inchi, alizokuwa amezifunga ndani ya kitambaa cha kaki na kuziweka kwenye buti. Magari hayo ya zamani ya Uingereza nati zake zinataka spana za inchi. Ukilazimisha ya milimita itaingia, ndiyo, lakini inacheza, na ukikaza sana unakula kona za nati. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Basi siku moja Mzee Wanyonyi alikuwa anatoka Kitale kurudi kwake, roho ikamtoka akiwa kwenye usukani, mbele kidogo ya Kiminini. Alikuwa mtu wa adabu mpaka mwisho. Alisogea kando ya barabara, akavuta hendibreki, akazima injini, akafa. Polisi wakaja, wakapima wanavyopimaga, mwili ukapelekwa mochari. Gari likabaki pale. Mtu mmoja akanipigia simu kwa sababu nina lori na mnyororo wa kuvutia magari.

Nilipofika nilimkuta mama mmoja anayechoma mahindi kando ya barabara. Akaniona nikitoa mnyororo.

"Fundi, hiyo gari usiiguse," akaniambia. "Watu wake wamesema wazee wanakuja kesho asubuhi kumwita."

Nilijua vizuri anamaanisha nini. Kwetu sisi, mtu akifia njiani, mwili kurudi nyumbani hautoshi. Wazee wanaenda pale pale roho ilipotokea. Wanavunja tawi, wanamwita kwa jina lake, wanamwambia, "Twende nyumbani." Tawi hilo linabebwa mpaka kaburini, na anayelibeba hamsalimii mtu njiani. Wapo waliookoka ambao wameacha mambo hayo, na mimi siwagombezi. Lakini watu wa Mzee Wanyonyi walikuwa hawajaacha.

Sasa niambie, kungoja usiku mmoja tu kulikuwa na shida gani? Hakuna! Lakini kulikuwa na fundi mwingine wa Webuye aliyekuwa akilimezea mate gari hilo kama mimi, na nilisikia yuko njiani. Nikajisemea, gari likilala kwangu, familia ikitaka kuliuza itaanza na mimi. Nikamwambia yule mama ati gari likilala barabarani vijana watang'oa vioo. Nikafunga mnyororo, nikavuta.

Kesho yake wazee walikuja Kiminini. Wakaonyeshwa mahali. Wakavunja tawi, wakaita, wakalibeba tawi mpaka Malakisi wakazika. Walifanya kila kitu vizuri. Kosa ni moja tu. Mzee Wanyonyi hakufia barabarani. Alifia kwenye kiti, na kiti nilikuwa nimekivuta mpaka yadi yangu Kitale, kilomita nyingi kutoka pale walipokuwa wakiita.

Mimi nilikaa kimya. Hata mjane wake, Mama Nanjala, alipoamua baada ya miezi kadhaa kuniuzia gari, nilikaa kimya. Alinipa karatasi zake, akashika ile boneti kama mtu anayepapasa shingo ya ng'ombe.

"Tulimwita, fundi," akasema. "Lakini mimi namwota kila mara. Ananiambia yuko mbali, hajui njia ya kutoka. Wewe unafikiri ni nini?"

Nikamwambia, "Pole, Mama. Ni uchungu tu. Utapungua." Mungu anisamehe.

Nilianza kulitengeneza na ndugu yangu Simiyu, aliyenifuata. Wacha nikuambie habari za Simiyu. Alikuwa mfupi, mfupi kabisa, mpaka akiendesha ilibidi avute kiti mbele kikomo na akalie mto ambao mama yetu alimshonea. Watu walikuwa wanasema ati gari linakuja bila dereva. Na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuicheka hiyo hadithi. Hakuwa na mke bado. Nikimwuliza, ananijibu, "Wandaye, si ungojee nirefuke kwanza?" Huko kwetu wandaye ni ndugu yangu. Hajawahi kuniita kwa jina tangu tukiwa watoto.

Tulihangaika na lile gari karibu mwaka mzima. Kabureta zake mbili ukiituliza moja, nyingine inakasirika. Waya zilikuwa zimeliwa na panya. Gasketi ya kichwa cha injini tulichonga wenyewe, kwa sababu kuipata hapa ni ndoto. Na zile spana za inchi za marehemu? Sikuzitumia. Kila nikikifungua kile kitambaa cha kaki nilikuwa nasikia aibu, nikakifunga tena, nikafanya kazi na spana zangu za milimita. Simiyu alinigombeza sana juu ya hilo.

Kisha kulikuwa na kiti. Kila asubuhi nikifungua mlango nilikuta kiti cha dereva kimerudi nyuma mpaka mwisho, na kioo cha kati kimeinuliwa juu, cha mtu mrefu. Nikavuta kiti, nikashusha kioo. Kesho yake, vilevile. Nikasema reli za kiti zimelegea. Nikazifungua, nikazisafisha, nikazikaza. Kesho yake, kiti kiko nyuma. Si ungekuwa wewe ungeshtuka? Mimi sikushtuka. Mtu akikipenda kitu sana, huwa anajifanya haoni.

Binti yangu Naliaka alikuwa anaolewa. Kanisa lilikuwa Bungoma, na mimi nilikuwa nimemwapia kwamba atafika kanisani ndani ya gari hilo. Jumatano ya wiki ya harusi nikalitoa kulijaribu, peke yangu, kama saa kumi hivi, mvua ya jioni ya huku ikiwa imeanza kumwagika. Gari lilienda vizuri, lakini sindano ya joto la injini kwenye dashibodi ilikuwa inapanda polepole.

Mbele kidogo ya Kiminini nikaona mzee amesimama kando ya barabara. Koti la kijivu, kofia mkononi, mrefu. Mvua inanyesha na yeye ni mkavu. Niamini, nilikanyaga mafuta nipite. Gari likasimama. Halikuzima, halikukohoa. Lilisogea kando lenyewe taratibu, na hendibreki ikajivuta, krrr, mkono wangu ukiwa mbali nayo. Mlango wa kushoto ukafunguka, akainama, akaingia, akakaa kando yangu. Springi zikalala kwa uzito wake. Ulikuwa mzigo wa mtu, si moshi.

Nilimjua. Alikuwa amenipita mjini mara mia moja na gari hilo hilo.

"Pampu ya maji inavuja kwa nyuma," akasema, kwa sauti ileile ya mwalimu. "Umeikaza na spana ya milimita, ukala kona za nati. Kwa nini hukutumia zangu?"

Nikasema, "Samahani, Mwalimu." Ati samahani, kama mtoto aliyekosa hesabu!

Kisha akauliza, "Ni nani alikutuma uniondoe pale?"

Nikashika gia, kana kwamba naweza kuondoka.

"Watu wangu walikuja asubuhi," akasema. "Niliwasikia kwa mbali sana wakiniita. Na mimi niko kwa yadi yako Kitale, kati ya vyuma. Niliitikia mpaka sauti ikaniisha." Akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, uliokuwa umeshika gia. Ulikuwa na baridi ya chuma kilicholala nje huku kwetu mwezi wa saba. "Nipeleke Malakisi."

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu. Kutoka Kiminini mpaka Malakisi kwa gari zima ni mwendo wa kawaida tu. Ningeendelea mbele kuelekea Webuye, nipite Bungoma, na kabla ya giza kuingia ningekuwa kwenye boma lake. Lakini nikawaza: Malakisi nitamwambia nini Mama Nanjala? Nitaungama mbele ya ukoo mzima kwamba ni mimi? Wataninyang'anya gari. Na Jumamosi Naliaka atapanda nini?

Nikasema, "Mwalimu, nina harusi ya binti yangu Jumamosi. Jumapili nitakupeleka. Haki ya Mungu."

Akaniangalia muda mrefu. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. "Jumapili," akasema. "Sawa. Lakini mimi nimechoka kukaa humu peke yangu."

Mkono ukatoka juu ya wangu. Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu, na springi zilikuwa bado zimelala.

Nilirudi Kitale. Simiyu akaniuliza, "Wandaye, nani amekuchapa?" Nikamwambia pampu ya maji inavuja. Akatoa zile spana za inchi, akalala chini ya gari akipiga miluzi, akabadilisha nati na kuikaza vizuri. Mimi nilisimama nikiangalia viatu vyake vikitokeza nje. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Nilikuwa na Alhamisi nzima na Ijumaa nzima.

Na sasa nikuambie lile ambalo sikumwambia hata pasta. Jumamosi asubuhi niliogopa kukaa kwenye kile kiti. Mpango wa kwanza ulikuwa niendeshe mimi. Nikasema, mimi ni baba ya bibi harusi, nitakaa nyuma na binti yangu, Simiyu aendeshe. Watu wakaona ni heshima. Simiyu akafurahi, akavaa suti, akaweka mto wake. Nilijua, nikamkalisha pale.

Tulitoka Kitale na riboni na nyimbo, magari mengine yakitufuata. Naliaka alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, wanavyofanyaga. Sindano ya joto ilikuwa imetulia, Simiyu alikuwa ameifanya kazi safi. Tulipopita Kiminini akasema, "Wandaye, mbona hiki kiti kinanivuta nyuma? Miguu haifiki." Alisema akicheka. Nikataka kupiga kelele asimame. Kabla sijafungua mdomo, gari lilishasogea kando. Hendibreki ikavutwa. Injini ikazima.

Naliaka akamgusa begani. "Anko, si tutachelewa?"

Kichwa chake kikaegemea kioo. Ndugu yangu alikuwa amekufa, kiti kimerudi nyuma mpaka mwisho, miguu yake ikining'inia bila kufika kwenye pedali. Hospitali walisema ni moyo. Simiyu, ambaye hata mafua hayakuwa yanamshika!

Sitakusimulia vilio vya pale. Bibi harusi wangu alikaa kwenye majani ya barabarani na gauni lake jeupe, amempakata babake mdogo kichwa. Yule mama wa mahindi alikuja, akaniangalia. Alijifunga leso vizuri akaanza kulia na sisi.

Safari hii sikuruhusu gari liguswe. Niliwaita wazee wa pande zote mbili, nikaungama mbele yao, nikiwa nimepiga magoti kwenye lami. Nilisema habari ya mnyororo. Nilisema habari ya Jumatano. Mzee mmoja wa ukoo wa Wanyonyi alinitemea mate miguuni, na nilimshukuru, kwa sababu ndiyo iliyokuwa saizi yangu.

Jumapili, siku niliyoahidi, wakavunja tawi, wakaligusisha kwenye kile kiti, wakamwita Mwalimu kwa jina lake. Mimi nikaendesha. Mzee mmoja alikaa nyuma na tawi, kimya, na kiti cha mbele kushoto tukakiacha wazi. Gari lililala chini upande huo njia nzima. Webuye, Bungoma, mpaka Malakisi, injini ilinong'ona tu. Mama Nanjala alikuwa amesimama kwenye geti. Tulipofika mlango wa kushoto ulifunguka wenyewe, na gari likainuka, vile linavyoinuka mtu mnene akishuka. Tuliona wote, si mimi peke yangu. Mama Nanjala akasema, "Karibu nyumbani, baba Nanjala," akashika uso kwa mikono miwili. Hajaota tena tangu siku hiyo. Ameniambia mwenyewe, ingawa mkono hajanipa.

Ungedhani yaliishia pale. Kulikuwa na Simiyu.

Tulipomzika nyumbani, nje kidogo ya Bungoma, wazee wetu waliniambia, "Wewe ndiye uliyemkalisha kwenye kile kiti. Kumwita ni kazi yako. Usichelewe." Nikasimama mlangoni pa gari, nililokuwa nimelileta hapo bomani, na tawi mkononi. Watu wananingoja. Nikafungua mdomo nimwite, jina likakataa kutoka. Nikasema nimechoka, nitamwita kesho.

Hiyo kesho haijafika. Gari liko kwenye yadi yangu, chini ya mabati, na haliendeshwi. Watu wananicheka kwa nini nabadilisha oili ya gari lisilotoka, kwa nini nang'arisha ile mbao ya dashibodi, kwa nini spana zangu siku hizi zote ni za inchi. Asubuhi nikifungua mlango, kiti hakiko nyuma tena. Nakikuta kimevutwa mbele, kikomo, na mto wa mama umebonyea katikati. Mimi naingia kushoto, nakaa kando yake. Namwambia kazi ya jana, nani ameleta gari, nani ananisumbua. Namwambia Naliaka aliolewa baadaye, kimya kimya, na ana mtoto mvulana mfupi kama Simiyu mwenyewe. Wakati mwingine springi zinatikisika kidogo, vile alivyokuwa akicheka.

Mama yetu ni mzee sasa. Kila nikimpigia simu ananiuliza swali lile lile, "Simiyu amefika? Namwota yuko mbali." Namjibu, "Bado kidogo, Mama."

Kwa hivyo wewe unayenisikiliza, ukikuta gari limesimama kando ya barabara na mwenyewe amefia ndani, hata liwe zuri namna gani, weka mnyororo chini. Uliza kama watu wake wamekuja. Wakisema kesho, ngoja kesho. Na kama kuna mtu wako anayengoja umwite, usinifuate mimi, mwite leo.

Tawi la Simiyu lilishakauka kwenye buti, pamoja na spana. Jana jioni nilishika mlango nimwite. Nikasikia kutoka ndani, polepole, "Wandaye, twende?" Haki ya Mungu, nilimsikia. Na mimi nikamwambia, kaa kidogo. Kesho.